Maiki za utepe na sinthesaiza kama mzigo wa mkononi: nipange vipi?

Msikiaji

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kusafiri kwa ndege na vifaa vya muziki, hasa vile visivyotaka kugongwa.

Nimealikwa kwenda kurekodi kwaya. Wenyeji wangu hawana vifaa vya kutosha, kwa hiyo nabeba vyangu: maikrofoni mbili za utepe, kinasa sauti kidogo cha njia nane, sinthesaiza ya analogi yenye vibonye 37 kwa ajili ya nyimbo zinazohitaji kinanda, betri za akiba za kinasa sauti, pawabenki, halafu kebo, stendi na mazagazaga mengine. Sinthesaiza ina urefu wa sentimita 58 na uzito wa kilo 5 na kidogo. Shirika linaruhusu mzigo wa mkononi wa sentimita 55 kwa 40 kwa 23, usiozidi kilo 7, pamoja na begi dogo la kuweka chini ya kiti. Nitapanda ndege mbili. Ya kwanza ni kubwa, ya pili ni ATR 72, ile ndege ndogo ya mapangaboi.

Je, zile sentimita tatu zinazozidi zitaniletea shida kweli, au huwa wanafumbia macho? Maiki za utepe zitapita salama kwenye eksirei? Na nikifika mlangoni nikaambiwa kabati za juu zimejaa, mzigo lazima ushuke chini, nafanyaje? Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Maiki hizi nimezipata kwa jasho na nazipenda kuliko kifaa chochote nilicho nacho.

Mama Mawimbi

Mdogo wangu, kazi yangu ni kurekodi nje ya studio, na mara nyingi kufika kwenye kazi ni kwa ndege. Nianze na ninachokiona kwenye swali lako: unataka kupanda na kila kitu mkononi. Haiwezekani, na hata ingewezekana nisingekushauri. Mzigo wa mkononi ni ruhusa tu, na ruhusa hiyo inaweza kukatishwa kaunta, langoni, au ukiwa umeshafika kwenye ngazi za ndege. Basi jiulize, kati ya vitu ulivyoorodhesha, kipi kikianguka kutoka juu ya meza hakiponi? Hicho ndicho cha kukaa nacho, na kikae pale ambapo hakuna mtu atakayekuja kukiomba, yaani chini ya kiti kilicho mbele yako.

Kwako wewe ni maiki. Ndani ya kila moja kuna ukanda wa alumini wenye unene wa mikroni chache tu, mwembamba kuliko unywele mara nyingi, umefinywa mikunjo midogo midogo na kuning'inizwa kati ya ncha za sumaku. Adui yake mkubwa ni hewa inayokuja kwa kishindo. Upepo wa ghafla unauvuta, mikunjo inanyooka, ukanda unalegea na kuanza kugusa sumaku, na hapo maiki yako inakwaruza au inazimika kabisa. Hata kubamiza kifuniko cha kisanduku kinachobana sawasawa kunasukuma hewa ya kutosha kuudhuru. Mimi huvalisha kila maiki mfuko mwembamba wa nailoni, naufunga shingoni, naiweka kwenye kisanduku chake, kisha nashusha kifuniko polepole, upande mmoja kwanza, ili hewa ipate pa kutokea.

Halafu zisafiri zimesimama wima. Maiki ya utepe ikilala muda mrefu, ukanda unaweza kulegea kwa uzito wake wenyewe. Kama zako ni fupi kiasi, zitasimama vizuri kwenye begi la mgongoni chini ya kiti. Usiziweke karibu na funguo, skrubu au vumbi lolote la chuma, kwa sababu sumaku zake zina nguvu na chembe ikishanaswa karibu na ukanda kuitoa ni kazi ya fundi. Kadi za benki zenye ukanda mweusi na diski ngumu za zamani nazo zikae mbali.

Eksirei haina neno. Haidhuru utepe, sumaku, kadi ya kumbukumbu wala diski. Shinikizo la hewa ndani ya ndege nalo lisikutie hofu. Hushuka hadi kufanana na lile la mlima wa mita 2,400 hivi, lakini hushuka taratibu na hewa huupitia ukanda pande zote mbili. Kinachonitia wasiwasi mimi pale kwenye ukaguzi ni trei. Mwisho wa mkanda, trei ya nyuma inakuja kugonga ya kwako, na ya nyuma yake inagonga hiyo. Kaa tayari upande wa pili uipokee. Na mkaguzi akitaka kufungua, mwambie kwa heshima kabla hajagusa kwamba ndani kuna kitu dhaifu sana na unaomba ukifungue mwenyewe akiwa anaangalia. Sijawahi kukataliwa ombi hilo likisemwa mapema. Kwenye simu weka picha ya maiki ikiwa wazi, aone ni kitu gani, kwa sababu kwenye skrini yeye anaona bomba la chuma lenye waya ndani.

Sasa sinthesaiza. Sentimita 58 ni chombo kitupu. Kikishaingia kwenye begi lenye sponji utakuwa na 62 au zaidi. Wapo wanaofumbia macho na wapo wenye kile kisanduku cha kupimia pale langoni, na safari ya kazi haipangwi kwa kubahatisha. Uzito nao umekwisha, maana kilo 5 na ushei, ongeza begi lenyewe, zile 7 umezimaliza kabla ya kutia kinasa sauti. Zaidi ya hapo, ATR 72 ina kabati za juu ndogo. Hata begi la kipimo halali huchukuliwa mlangoni likawekwa chini, ukalipokea ukishuka. Kwa hiyo hesabu kwamba kwenye ndege ya pili sinthesaiza itashuka chini utake usitake, na iwe imefungwa kwa safari ya chini tangu nyumbani. Kitakachoiumiza zaidi ni kuteremshwa chini ikiwa ndani ya begi laini.

Ifunge hivi. Pata sanduku gumu lenye sponji nzito ya sentimita tano kila upande, chini na juu pia. Nobu za kuchomoka kwa mkono zichomoe, zitie kwenye mfuko, mfuko uandike jina. Nobu ikisukumwa kutoka juu, nguvu yote inashuka kwenye kishina chake na kuishia kwenye risasi ya kulehemu iliyoishikilia kwenye bodi ya saketi. Hapo ndipo panapopasuka, na nje huoni alama yoyote. Kata sponji iwe fremu inayokalia ubapa wa chuma na kuacha nobu na vitelezi hewani, ili mzigo ukiwekwa juu uzito uende kwenye ganda la nje la chombo. Vibonye viwekee ubao mwembamba unaoegemea kingo za chombo bila kuvigusa. Tikisa sanduku ukiwa umelishika. Ukisikia au ukihisi kitu kinacheza, bado hujamaliza.

Adapta ya umeme ya sinthesaiza iende humo humo. Kebo na stendi ziende chini bila kuzifikiria mara mbili, ila kebo mbili za maiki kaa nazo. Begi la chini likichelewa, ukiwa na maiki mbili, kinasa sauti, kebo mbili na betri, kwaya unairekodi. Stendi utaazima popote.

Kuhusu mlangoni. Mimi hutumia begi ndani ya begi. Begi la nje ni la mzigo wa mkononi, na ndani yake kuna kipochi kidogo chenye mkanda wa begani, kimewekwa juu kabisa, zipu ikitazama nje. Kwenye ndege moja ndogo mhudumu alinisimamisha ngazini akasema mabegi yote ya magurudumu yanabaki. Sikubishana naye. Nilivuta zipu, nikatoa kipochi chenye maiki na betri, nikakivaa begani, nikamkabidhi begi la nje na kuchukua kipande changu cha lebo. Ndani lilikuwa limebaki na nguo na vipokea sauti vya masikioni. Watu nyuma yangu hawakusubiri hata kidogo.

Ukichagua kiti, epuka safu ya mbele kabisa yenye ukuta na safu za mlango wa dharura. Huko hakuna nafasi ya chini ya kiti au hawaruhusu kuitumia wakati wa kuruka na kutua, na kipochi chako kitalazimika kupanda juu.

Mpiga Fidla

Namheshimu sana Mama Mawimbi na kwa maiki nakubaliana naye neno kwa neno. Kwenye sinthesaiza naomba nitofautiane naye kidogo. Usikubali haraka kuishusha chini kabla hujapiga simu.

Mashirika mengi yana masharti ya pembeni kwa ala za muziki, tofauti na ya mabegi ya kawaida, na mengine huruhusu ala ndefu kidogo kuliko kipimo mradi iingie kwenye kabati. Kwa mashirika ya Marekani hilo ni la kisheria. Sheria ilipitishwa 2012, na kanuni ya Idara ya Uchukuzi ya huko ikaanza kutumika Machi 2015. Ala ndogo kama fidla au gitaa lazima ikubaliwe ndani ikiwa inaenea kwa usalama kwenye kabati au chini ya kiti, na nafasi ipo wakati unapanda. Hawaruhusiwi kukutoza zaidi ya wanavyotoza mzigo wa kawaida wa mkononi. Shikilia hayo maneno ya mwisho, "nafasi ipo wakati unapanda". Maana yake aliyetangulia kaweka lake, na hawalazimiki kulitoa begi lake kwa ajili yako. Ndiyo maana mimi nikiweza kulipia kupanda mapema, nalipia.

Ila kanuni hiyo inazungumzia ala za muziki. Maikrofoni na kinasa sauti si ala. Sinthesaiza ni ala, na langoni iite kinanda, wataelewa upesi.

Njia nyingine ni kununua kiti cha pili. Wapiga selo hufanya hivyo kila siku. Usikinunue mtandaoni kwa jina la kubuni, piga simu waandike kwamba ni mzigo wa ndani ya ndege, maana una msimbo wake kwenye tiketi, CBBG. Chombo hufungwa mkanda, kwa kawaida dirishani, kisizibe njia ya mtu. Kwa sinthesaiza ya vibonye 37 gharama hiyo naona ni kubwa kupita haja, lakini kwa chombo kisicho na mbadala usisite.

Nigusie na mbao kwa wasomaji wengine watakaopita hapa. Kuanzia Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, ambamo mpingo wetu wa klarineti na oboe umo, iliwekwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, na wanamuziki wakawa wanaulizwa vibali mipakani. Tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika za mbao hizo zimesamehewa, isipokuwa Dalbergia nigra ya Brazili, ambayo iko Kiambatisho cha I, chenye masharti makali zaidi, tangu 1992. Mwenye gitaa la zamani la mbao hiyo, au upinde wenye kipande cha pembe ya ndovu, atafute cheti cha ala ya muziki kabla ya safari. Hudumu miaka mitatu.

Msikiaji

Asanteni sana. Mama Mawimbi, hilo la begi ndani ya begi limenipa pumzi, nitalifanya. Mpiga Fidla, nitapiga simu, ila kwa ATR naona sanduku gumu halikwepeki.

Mmenibakishia mawili. Betri zangu za akiba na pawabenki, je, naweza kuzipeleka chini kupunguza uzito? Na kitu kikivunjika huko chini, shirika linalipa?

Mama Mawimbi

Betri za akiba za lithiamu na pawabenki haziendi chini kamwe. Ni kanuni ya usafiri wa anga kote duniani, kwa sababu betri ikishika moto ndani ya ndege wahudumu wataiona na kuizima, na kule chini hakuna mtu. Hadi wati-saa 100 unabeba bila kuomba. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika, na za akiba zisizidi mbili. Kuanzia hapo kwenda juu hazipandi. Kama kwenye pawabenki wameandika miliampia-saa tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000. Ya 20,000 inakupa wati-saa 74, uko salama. Maandishi yakiwa yamefutika inaweza kubaki kwa wakaguzi, hivyo usibebe iliyochakaa. Kila betri ya akiba ifunike ncha zake kwa utepe wa kubandika au iwe kwenye kifuko chake peke yake. Tangu 2025 mashirika kadhaa yamekataza kutumia pawabenki ndani ya ndege, na mengine hayataki iwekwe kabati la juu, kwa hiyo nayo kaa nayo chini ya kiti.

Na hapa ndipo kile kipochi kinapofanya kazi mara mbili. Begi lako la mkononi likichukuliwa mlangoni, betri za akiba lazima uzitoe kwanza. Zikiwa pamoja na maiki, mkono mmoja unatoa vyote.

Kuhusu malipo, safari nyingi za kimataifa zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999. Kikomo cha mzigo kwa abiria mmoja, tangu tarehe 28 Desemba 2024, ni SDR 1,519, kile kipimo cha fedha cha IMF. Hicho ni kwa mzigo wako wote, na kinajumlisha kuharibika, kupotea na kuchelewa. Unaweza kutangaza thamani kubwa zaidi kaunta na kulipia nyongeza ukiombwa, kabla mzigo haujaondoka. Mzigo uliokabidhiwa ukiharibika, lalamiko la maandishi lifike ndani ya siku saba tangu uupokee. Usitoke uwanjani bila kufungua sanduku na kupiga picha. Kwa ulichobeba mwenyewe, shirika hulipa tu ikithibitika kosa ni lao au la watumishi wao. Jingine ni kwamba mkataba unawaondolea dhima pale ambapo uharibifu umetokana na hali ya kitu chenyewe, na maofisa wa madai huupenda mlango huo wakiona sanduku limefungwa ovyo. Piga picha za kila tabaka unapofunga, na namba za vifaa zionekane.

Kwa maiki kama hizo kata bima ya vifaa vya muziki, na kabla ya kulipa uliza kwa maneno haya: inalipa kifaa kikiwa mkononi mwangu ndani ya ndege, na kikiwa kimekabidhiwa? Upate jibu kwa maandishi.

Kama unavuka mpaka, chapisha orodha ya vifaa yenye namba zake na risiti kama zipo, ili ukirudi usidaiwe ushuru wa vitu vyako mwenyewe. Kwa shehena kubwa ya kazi kuna karneti ya ATA, yaani hati ya forodha ya kuingiza vifaa kwa muda bila kulipa ushuru, lakini kwa begi moja na sanduku moja ulizia kwanza forodha kama inahitajika.

Kisanduku Cheusi

Naongezea la ukaguzi, maana mimi natengeneza pedali na vikuza sauti kwa mkono na nazibeba. Kifaa kisicho na nembo kinawashtua. Bandika lebo inayosomeka ya kazi yake, "kikuza sauti cha maikrofoni" kwa mfano, na kwa Kiingereza pia. Kebo usizitie juu ya vifaa, maana zikikaa hivyo picha ya eksirei haisomeki na begi lote linafumuliwa. Ziviringe, ziweke mfuko wake, utoe mfuko kwenye trei peke yake.

Bisibisi iende chini. Nchi za Ulaya zinazuia zana zenye ncha au shina la zaidi ya sentimita 6, Marekani inahesabu zana nzima hadi inchi 7, na ukipita viwanja viwili tofauti utaipoteza kwenye kimojawapo. Dawa ya kupuliza ya kusafishia nobu na jeki usiibebe kabisa, kwa kawaida inawaka moto.

Msikiaji

Nimeelewa. Swali la mwisho kabisa: ninakokwenda ni baridi. Nikifika naweza kuwasha sinthesaiza pale pale kuijaribu?

Mama Mawimbi

Hapana. Ikitoka kwenye baridi ikaingia chumba chenye joto, unyevu wa hewa unageuka matone ya maji juu ya chuma, nje na ndani ya chombo. Liache sanduku limefungwa ndani ya chumba kwa saa kadhaa hadi ukigusa chuma kisiwe cha baridi tena. Maiki nazo vivyo hivyo, kwenye visanduku vyao, zimesimama. Kisha anza na sinthesaiza, pitia kila nobu na kitelezi ukisikiliza mkwaruzo, ili kama kuna kilichoachia ujue kabla kwaya haijaingia.